Kinanda cha filimbi cha kanisa kimenyamaza? Msiguse filimbi, anzeni na upepo (uzi kutoka Lubumbashi)

Mwenye uzi, Lubumbashi

Jambo yenu wote. Naufungua huu uzi sababu habari ni ile ile kila upande: parokia iko na kinanda cha filimbi cha zamani, kile kikubwa kilicholetwa wakati wa misioni, kimenyamaza miaka na miaka, anakuja mtu na mashine yake ya kuchomelea anaangalia dakika mbili anasema filimbi zote zimekufa, kamati inakubali, filimbi zinaenda kwa wanunuzi wa mitraye (vyuma chakavu) na pale mbele inawekwa klavie ya umeme na spika mbili. Chetu kilibaki kidogo tu kiende njia hiyo. Leo kinalia. Hakijaisha, upande wa pedali bado, lakini Pasaka kwaya imeimba nacho na watu wamegeuka kuangalia juu, na yale tumejifunza mimi na vijana wangu wawili wa useremala pamoja na fundi mzee aliyetuongoza nataka yafike kwa wa Likasi, wa Bukavu, wa popote.

Neno langu ni moja na nitalirudia mpaka mtanichoka: ANZENI NA UPEPO. Karibu kila ubaya watu wanausingizia filimbi, chanzo chake kiko chini, kwenye hewa. Filimbi ni chombo kisichokuwa na kitu kinachochakaa haraka, ni bomba tu lenye mdomo, ukiipa hewa sawasawa italia hata kama imekaa na vumbi miaka 40.

Kwa wasiojua kinavyofanya kazi: chini kabisa kuna sufle, sanduku la mbao lenye mikunjo ya ngozi linalojaa hewa kutoka kwa motere. Juu ya sufle kuna uzito umelazwa, vyuma au mawe, na huo uzito njo unasukuma hewa kwa nguvu isiyobadilika. Hewa inapita mfereji wa mbao hadi kwenye somie, lile sanduku filimbi zimesimama juu yake. Ukibonyeza noti, fito nyembamba za mbao zinavuta supapa (kifuniko kidogo cha hewa) ndani ya somie, hewa inaingia kwenye chumba cha noti hiyo. Kila filimbi ya noti ile iko juu ya chumba hicho, ila kati yake na chumba kuna ubao wenye matundu unaoteleza, njo rejista. Umevuta rejista, matundu yanakutana, filimbi inalia. Hakuna rejista, kimya. Hiyo tu. Ni kazi ya seremala na mtu wa ngozi kuliko kazi ya mtu wa muziki.

Sasa chetu kilikuwa kinatoa sauti kama mgonjwa, noti za chini zinapumua tu, za juu zinalia chini ya noti yake, na ukibonyeza noti nyingi pamoja zote zinazama. Tulipima upepo tukakuta 41, yaani milimita za maji. Ndani ya kifuniko cha somie aliyekijenga alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: 75. Yaani kilikuwa kinapata karibu nusu! Tukaingia kwenye sufle na taa ya simu, na pale juu ya ubao, kwenye vumbi, mnaona wazi alama za mistatili, ishara ya vitu vilivyokuwa vimelazwa na vikaondolewa. Vilikuwa vyuma vya kutupwa, vizito, kila kimoja kina tundu la kushikia. Tumevipata viwili vinazuia mlango wa sakristia, vingine chini ya tanki la maji nyuma ya nyumba ya mapadri. Tumevirudisha, tumeongezea vilivyokosa, na kinanda ambacho watu walisema kimekufa kikaanza kuongea siku ile ile kabla hatujagusa filimbi hata moja.

Mchangiaji, Bukavu

Aksanti papa kwa uzi huu. Mnapima upepo na nini? Sisi huku chombo kama hicho hatuna na sidhani kinauzwa.

Mwenye uzi, Lubumbashi

Ndugu wa Bukavu, hakinunuliwi, unajitengenezea. Chukua ile tiyo ya serumu ya hospitali, mpya, inayoonyesha ndani. Ikunje umbo la U, ifunge kwenye ubao pamoja na rula, tia maji mpaka nusu. Upande mmoja unauacha wazi, upande wa pili unauunganisha na hewa ya kinanda: ng'oa filimbi moja ndogo kwa uangalifu, weka kizibo chenye tundu mahali pake, pitisha tiyo, washa motere, bonyeza ile noti. Maji yatashuka upande mmoja na kupanda wa pili. Pima tofauti ya hizo levo mbili kwa milimita, hiyo njo presha yako. Vinanda vingi vya kanisa vinacheza kati ya 60 na 100.

Na hesabu ya uzito ni rahisi kupita kiasi: milimita 1 ya maji ni kilo 1 kwa kila mita ya mraba. Ubao wa sufle yetu ni mita 1.5 kwa 1, ukitaka 75 unahitaji kama kilo 112, ukihesabu na uzito wa ubao wenyewe ndani. Usipange kwa macho. Weka kidogo kidogo ukiangalia maji, na ugawe uzito pande zote ili ubao upande ukiwa umenyooka.

Fundi umeme, Kampemba (Lubumbashi)

Papa niongezee kwa upande wangu maana watu wanasahau. Kama motere ni ya faze tatu, angalieni inazunguka upande gani!! Ile feni ya kinanda hata ikizunguka kinyume bado inatoa hewa, ila dhaifu, kwa hiyo mtu anasikia motere inanguruma, anaweka mkono anasikia upepo, anasema motere iko sawa. Haiko sawa. Mara nyingi baada ya kutengeneza kabini ya umeme au waya za barabarani faze mbili zinabadilishana mahali, hakuna anayejua. Kwenye mfuniko kuna mshale. Haulingani na mzunguko? Zima kabisa, badilisha waya mbili kati ya tatu, basi. Na muweke kinga ya umeme mdogo, volteji ikishuka motere inaungua polepole hamuoni.

Mwenye uzi, Lubumbashi

Hapa fundi amesema kitu cha dhahabu. Ongezeeni na hii: kwenye vinanda vingi vya zamani kuna mkono wa mbao pembeni, wa kupampu kwa nguvu ya mtu, toka enzi za kabla ya motere. Wengi wanaukata kwa kuona hauna kazi. Sisi tumeufufua, tumebadilisha ngozi za pampu ndogo mbili, na sasa umeme ukikatika katikati ya Gloria kijana mmoja wa watumishi wa altare anashika mkono, anapampu, misa inaendelea. Hewa yenyewe ni ileile sababu uzito wa sufle ni uleule.

Mama wa kwaya, Likasi

Papa shikamoo. Kwetu sufle imepasuka kwenye mikunjo, mtu ametuzibia na silikoni na vipande vya mpira wa chambre à air (mpira wa ndani wa tairi), imeshika wiki chache imeachia. Ngozi gani tununue na kola (gundi) gani?

Mwenye uzi, Lubumbashi

Marahaba mama. Kwanza hiyo silikoni iondoeni yote, mkwangue mpaka mbao safi, maana juu ya silikoni hakuna kola itakayoshika tena, ndiyo sababu naichukia silikoni ndani ya kinanda kuliko panya.

Ngozi: ya kondoo, nyembamba, laini, iliyotengenezwa kwa maganda ya miti na siyo ya kutia rangi ya viatu. Ya mbuzi inawezekana kwa pembe zinazofanya kazi nyingi. Kabla hujalipa fanya hivi, muuzaji atakushangaa lakini fanya tu: bana kipande cha ngozi kwenye mdomo wa bomba dogo, vuta hewa kwa mdomo wako upande wa pili. Ukisikia hewa inapita, irudishe. Fundi wetu mzee alikataa ngozi nyingi sana kwenye soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, zilizoonekana nzuri kabisa, kwa hilo jaribio moja.

Kola: siyo ile nyeupe ya maseremala. Tumia kola ya ngozi, ile ya vipande vya kahawia. Unailoweka usiku kucha kwenye maji baridi mpaka inavimba kama uji mzito, asubuhi unaiyeyusha ndani ya kopo lililosimama kwenye maji ya moto, joto kama digrii 60, isichemke, ikichemka nguvu zake zinaondoka. Unapaka ikiwa ya moto, unabandika ngozi, unapitisha kitambaa chenye maji ya moto kilichokamuliwa na kusugua kwa mfupa au kijiko cha mbao mpaka kingo zinalala. Faida yake: mtu atakayekuja baada yetu atatumia mvuke kidogo na ngozi itatoka safi bila kurarua mbao. Kola nyeupe haimpi nafasi hiyo. Kinanda kinapita mikono ya watu wengi, kila mmoja anamwachia mwenzake kazi inayowezekana.

Na jambo la kwetu Katanga: moshi wa kuyeyusha madini unabeba gesi ya sulfuri, na hiyo gesi inakula ngozi. Ukigusa ngozi ya zamani ikageuka unga mwekundu kwenye vidole, njo ugonjwa wenyewe. Usiitie mafuta ukidhani itapona, haiponi, badilisha. Ngozi nzuri iliyowekwa vizuri inaenda miaka 50 na zaidi.

Mchangiaji, Lubumbashi

Mimi nitasema ukweli hata kama mtakasirika. Kwa pesa na muda huo wote si mngenunua klavie ya umeme mpya tu? Iko na sauti za orgue (kinanda cha filimbi) mia, mtoto wa miaka kumi anaibeba. Hivi vinanda ni mambo ya wazungu, wamekwenda na mambo yao.

Mwenye uzi, Lubumbashi

Ndugu sikasiriki, hata kwenye kamati yetu kuna waliosema hivyo na ni watu wanaolipenda kanisa. Nijibu kwa utaratibu.

Klavie tulikuwa nayo. Umeme uliporudi na nguvu kubwa ilikufa kadi ya ndani, hakuna wa kuifungua wala kipuri. Kinanda cha filimbi kikiharibika nakifungua kwa tornavisi (bisibisi) na naona kwa macho yangu kilichoharibika, supapa, ngozi, resori (springi), fito, vyote vinatengenezwa hapa hapa mjini na watu wa hapa. Mbao za kurekebishia tumetumia mulombwa, ule mti wa kwetu, unajulikana kwa kutocheza sana mvua au jua na mchwa hawaupendi. Serikali ya kinanda iko mikononi mwetu.

Sauti: klavie inatoka kwenye spika mbili, mbele wanaziba masikio nyuma hawasikii. Filimbi mia kadhaa kila moja inasukuma hewa yake mwenyewe, kanisa lote linatetemeka bila kupiga kelele. Waulize wamama wa nyuma kabisa wanaoimba sasa bila mikro.

Kuhusu wazungu: mtu wa kwanza anayejulikana katika historia kujenga kinanda cha namna hii ni Ctesibius, karne ya 3 kabla ya Kristo, mjini Alexandria. Misri, Afrika hii hii. Alitumia maji kutuliza presha ya hewa mahali sisi tunaweka uzito. Halafu zile filimbi zenyewe ni mchanganyiko wa stani (bati) na risasi, na stani inatoka kwenye madini ya kasiterite, ambayo watoto wa Manono na wa Kivu wanaijua kuliko mtu yeyote wa Ulaya. Mimi sioni kitu cha mgeni pale juu.

Mchangiaji, Goma

Swali la kutuni (kurekebisha noti). Goma tuko juu, kama mita 1500, nyie kama 1200. Mwinuko unabadilisha noti za filimbi? Nimesikia mtu anadai vinanda vya Ulaya haviwezi kukaa sawa huku sababu ya hewa nyepesi.

Mwenye uzi, Lubumbashi

Swali zuri sana. Hapana, noti haifuati mwinuko, inafuata JOTO. Hewa ikipata joto sauti inakimbia zaidi ndani ya filimbi, noti inapanda. Kila digrii 1 ya joto inapandisha kama sehemu 3 kati ya 100 za nusu toni. Inaonekana kidogo, lakini Lubumbashi mwezi wa saba asubuhi ni baridi ya kuvaa koti na saa nane mchana umetoa koti, ndani ya kanisa digrii 10 zikipanda tayari una sehemu 30, sikio lolote linasikia.

Na hapa watu wanadanganyika vibaya. Kuna filimbi za mdomo, zinazofanya kazi kama filimbi ya mtoto, na kuna filimbi za ulimi, zenye kipande cha shaba ya njano kinachotetemeka ndani. Za mdomo zinapanda na joto. Za ulimi karibu hazisogei. Kwa hiyo mchana mpiga kinanda anasikia za ulimi ziko chini, anasema zimeharibika, anaanza kusukuma waya zake zote za kutuni. Asubuhi ya Jumapili yote iko ovyo. Sheria ya fundi wetu: unatuni kwenye joto lile lile la misa, milango imefungwa, na hugusi filimbi kwa mkono muda mrefu maana hata joto la kiganja linaipandisha noti ya filimbi ndogo.

Jambo lingine, ukipima ukakuta kinanda chote kiko chini kidogo ya klavie, usiruhusu mtu akate filimbi ili "zipande". Ufaransa mwaka 1859 iliweka noti ya la kwenye mitetemo 435 kwa sekunde, leo wengi wanatumia 440, kinanda cha zamani kinaweza kuwa kimezaliwa chini na ni haki yake. Gitaa na trompeti zitamfuata yeye. Filimbi iliyokatwa hairudi.

Mseminari, Lubumbashi

Kaka mkubwa, sisi tuko na filimbi kama ishirini zimepinda na zingine miguu imebonyea, na kuna fundi wa radiateri za magari amejitolea kuzilehemu bure. Tumpe?

Mwenye uzi, Lubumbashi

MSIMPE. Tafadhali. Simdharau, radiateri anazolehemu ni za shaba na zinavumilia moto. Filimbi ni stani na risasi. Stani inayeyuka digrii 232, risasi 327, zikichanganywa kuna mchanganyiko unaoyeyuka 183 tu, na lehemu anayotumia iko karibu na hapo hapo. Maana yake filimbi yenyewe na lehemu vinayeyuka karibu pamoja, akigusa nukta moja kwa muda mrefu tundu linafunguka na anabaki anaziba tundu kwa tundu. Kazi hiyo inafanyika lakini na mtu aliyejifunza kwenye vipande vya kutupa kwanza, chuma kidogo, chokaa iliyopakwa pembeni ya mshono ili lehemu isitawanyike.

Kilichopinda tu hakihitaji moto. Chonga mti wa mviringo unaoingia ndani ya filimbi, upitishe taratibu, ukibembeleza kwa kiganja kutoka nje. Mkae mbali na mdomo wa filimbi. Ule mwanya mwembamba ambapo hewa inatoka na ule ukingo wa juu unaopigwa na hewa hiyo, ukivisogeza upana wa karatasi sauti inabadilika, na hakuna kipimo kitakachokurudishia ilivyokuwa. Vumbi la mdomoni litoeni kwa manyoya ya kuku. Mwili unaoshwa na maji ya vuguvugu na sabuni laini.

Nyinyi vijana: ile ni risasi. Mkimaliza mnanawa mikono mpaka viwiko kabla ya kugusa mkate, watoto wasikaribie, na vumbi la ndani mfagie kwa kitambaa chenye maji, msilipulize.

Na zile filimbi za mbao zilizozibwa juu, msije mkatoa vizibo mkidhani kuna mtu aliziziba vibaya. Filimbi iliyozibwa inalia oktava moja chini ya iliyo wazi yenye urefu ule ule, njo maana aliyejenga ameweka hivyo, ili apate besi ndani ya nafasi ndogo. Kizibo kikiteleza chini noti inapanda. Mbadilishe ngozi yake, mkirudishe mpaka noti ikae.

Mama wa kwaya, Likasi

Papa na hizi rejista zinazokwama masika? Kiangazi zinateleza vizuri, mvua ikianza hazivutiki, mtu ametaka kuzipiga randa.

Mwenye uzi, Lubumbashi

Mama mzuie huyo mtu leo hii. Mbao inavimba kwenye unyevu na kusinyaa kiangazi. Akipiga randa mwezi wa kwanza, mwezi wa saba pale kutakuwa na nafasi, na kila nafasi ndani ya somie ni hewa inayopita kwa jirani: utabonyeza do na utasikia re inanong'ona kwa mbali. Kazi ya mbao ndani ya somie sisi tumeifanya katikati ya mwaka, wakati wa ukavu, na tumepunguza kidogo sana kwa msasa, halafu tukapaka unga wa grafiti, ule wa kalamu ya risasi. Masika ilipofika zilikuwa nzito lakini zinavutika. Nzito ni sawa.

Noti inayolia peke yake bila kubonyezwa pia inatisha watu lakini mara nyingi ni kitu kidogo: kipande cha chokaa au mdudu aliyekufa ameshika chini ya supapa, au resori imechoka, au fito imevimba kwenye kitundu chake. Fungua somie, angalia, safisha. Chetu ilikuwa bawa la nyigu.

Mchangiaji, Bukavu

Papa tumetengeneza kile kipimo na tiyo ya serumu. Mompere (padri wetu) ameshika rula mwenyewe. Tumepata 38, halafu tukibonyeza noti nyingi inashuka hadi 25. Juu ya sufle kuna matofali manne tu. Tuongeze matofali?

Mwenye uzi, Lubumbashi

Bado msiongeze. Kushuka kutoka 38 hadi 25 mnapobonyeza ni alama ya pili, hiyo siyo uzito peke yake, ni hewa inapotea njiani au motere haitoshelezi. Mkiongeza matofali sasa mtasukuma hewa nyingi zaidi kwenye matundu yale yale na ngozi dhaifu itapasuka.

Fanyeni hivi kwanza. Washeni, jazeni sufle, zimeni motere, msibonyeze noti yoyote, na muangalie ubao wa juu unashuka kwa kasi gani. Ukianguka haraka, chukueni kijiti cha ubani kinachofuka moshi mpite nacho polepole kwenye mikunjo, kwenye viungo vya mfereji, na kuzunguka mifuniko ya somie. Pale moshi unaporuka, wekeni chokaa alama. Halafu angalieni mshale wa motere kama fundi wa Kampemba alivyosema. Pimeni pia urefu na upana wa ubao wa sufle, na mchungulie ndani ya mifuniko kama aliyejenga ameacha namba yoyote, wekeni picha hapa pamoja na alama za chokaa tuanzie hapo.